Pilipili za Manjano

Ijumaa usiku, Saskatoon, nyuzijoto hasi thelathini na moja,
na pilipili zangu zinatoka kwenye printa zikiwa za manjano.
Si manjano ya kuiva. Manjano ya macho ya mgonjwa wa ini.
Kwenye kioo cha kompyuta ni nyekundu, zinawaka;
kwenye karatasi ni vijindizi vilivyopinda.

Mama alikuwa akisema chema chajiuza.
Mama hakumjua mkaguzi wa soko la Jumamosi,
anayetaka uzito kwa gramu, viungo kwa mpangilio,
jina langu na anwani, kwenye lebo isiyobanduka.
Chupa arobaini na nane zimesimama mezani, uchi,
kama watoto wanaongoja sare.

Nikabonyeza safisha kichwa.
Ikanguruma, ikakohoa, ikajimiminia wino tumboni,
ikanitolea ukurasa wa majaribio:
nyeusi, ngazi kamili. Samawati, kamili. Manjano, usiseme.
Pale pa majenta, vistari vitatu
kama meno ya mwisho ya kibogoyo.
Nikasafisha tena. Na tena.
Mara ya nne Nasibu akasema, macho kwenye simu,
"Mama, unainywesha tu."

Nikaichomoa katriji nikaitikisa sikioni.
Wino umo! Nausikia ukicheza.
Taa ya printa inapepesa: hamna, hamna, hamna.

Akaja Orest wa mlango wa pili, na soksi nene na tochi.
Miaka thelathini alichimba potashi,
siku hizi anatengeneza chochote kinachogoma.
Aliishika katriji kama mtu ashikavyo kifaranga,
akaigeuza, akamulika vitundu vyake,
kisha, badala ya kunijibu, akaniambia nitazame mikono yangu.
Nikaitazama. Vifundo vimepasuka,
ngozi imepauka kana kwamba nimetoka kukanda unga.
"Hita," akasema. "Inakausha pua, inakausha sakafu.
Mara ya mwisho ulichapa lini?"
Oktoba.
"Basi. Haujaisha. Umekauka mlangoni."

Siki, hapana. Spiriti, hapana.
Na usije ukachokoa kwa sindano
(nilikuwa nayo mkononi, nikaidumbukiza mfukoni).
Maji ya kutilia pasi, yale ya dukani, yawe vuguvugu,
kitambaa cha karatasi juu ya kisosi,
kichwa kikae hapo, kinywe, kiachwe.

Kuachwa ndiko kulikonishinda.
Saa tisa usiku nikashuka na blanketi mabegani.
Kwenye karatasi nyeupe doa lilikuwa likitambaa,
rangi ya juisi ya rosela,
likinyonywa uzi kwa uzi kuelekea ukingoni.
Nikasimama pale jikoni, miguu peku, nikicheka peke yangu
kwa ajili ya tone la wino.

Lebo ya kwanza ilitoka na michirizi.
Ya pili, mchirizi mmoja.
Kuanzia ya tano, nyekundu! Nyekundu ya kumwasha mtu ulimi kabla hajafungua kifuniko.
Zikaenda hivyo mpaka ya thelathini na tisa,
ndipo manjano, yaliyojitapa usiku kucha,
yakakata roho.
Tisa za mwisho zikatoka za waridi, kama kucha za bi harusi.
Saa moja kasoro, gari linapashwa moto nje.
Nikazibandika hivyo hivyo.

Sokoni, mwanamke mwenye glovu kubwa akainua moja.
"Hizi za waridi zina tofauti gani?"
Nikaikumbuka ile taa, ilivyosema uongo bila haya.
"Hizo," nikasema, "ndizo kali zaidi."
Saa nne haikubaki hata moja.

Sasa kila Jumatatu napaka mikono mafuta
na kuchapa pilipili moja, ya bure, isiyo na chupa,
ili mlango usifunge.
Nampelekea Orest. Anazibandika kwenye friji.
Ziko kumi na moja. Ya saba ina mchirizi,
na hiyo ndiyo anayowaonyesha wageni.